Siku Kipimo Kilipoanza Kukimbia Mezani Kwetu

Mwanangu Kavira,

Uliponipokea langoni leo mchana, nikitoka Beni, uliniuliza kama wifi yako Masika amenipa kile kidani. Nikakujibu neno moja tu, nimekileta. Ukashusha pumzi, ukachukua mwavuli, ukaenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nadhani ulifikiri nimechoka na safari. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeshtuka, utaona mwenyewe herufi zinavyopanda na kushuka kama barabara ya Vuhovi wakati wa mvua.

Mambo ya sanduku, ya chakula, ya baridi ya Afrika Kusini na ya watu wa kuogopwa kwenye viwanja vya ndege siyaandiki. Hayo nimekupigia kelele mwezi mzima, mpaka ukaanza kuimba kila nilipofungua mdomo. Kesho asubuhi unapanda gari la Kasindi, unavuka mpaka, na mimi nabaki na nyumba isiyo na mtu wa kubishana naye. Kabla ya hapo nataka ujue yote ya tangu Jumapili, kwa sababu wewe umeona nusu yake tu.

Jumapili ulikuwepo, lakini hukuwa ndani ya mwili wangu. Mjomba wako Katembo alikuja baada ya misa na ule mfuko wa kazini, kwa kuwa ulimsumbua wiki nzima akuletee kipimo cha mionzi ukione kabla ya kwenda kukitumia huko masomoni. Kule kwao kwenye nyumba ya kununua madini wanakielekeza kwa kila gunia la koltani kabla ya kupakia, wajue gunia gani linatoa mionzi na gani halitoi. Kwa mjomba wako ni kazi ya kila siku. Kwako ilikuwa sikukuu. Mlipima ukuta, kikasema tik, kikakaa kimya, tik. Mlipima jiwe la kibarazani, mkapima simu yako, mkapima tumbo la mjomba.

"Tonton, huku hakuna kitu," ulimwambia. "Ni pombe ya kasiksi tu."

Sote tukacheka. Nikaleta birika la chai, nikainama kuliweka mezani, na kidani changu kikaning'inia nje ya blauzi karibu kabisa na kile kipimo. Ndipo kilipoanza kukimbia.

Nilidhani nimekigonga. Nikarudi nyuma, kikatulia. Nikasogea tena, kikakimbia tena, ile tik tik imeshikana kama mahindi yanayokaangwa. Mjomba wako ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Wewe ukasimama polepole, ukaniangalia kama mtu anayemwona nyoka begani kwa mwenzake na hataki kumtisha.

"Mama, uko na nini mu shingo?"

Mimi nauza vitenge katika soko hili tangu hujazaliwa. Wanajeshi wamenifokea, watu wa kodi wamenifokea, na hakuna aliyewahi kunifanya nirudi nyuma kwenye meza yangu mwenyewe. Siku hiyo nilirudi mpaka mgongo ukagonga ukuta. Nilikuwa nakimbia kifua changu, na kifua nacho kilikuwa kinanifuata.

Ulikivua wewe. Kilikuwa kwenye mkufu mmoja na medali ya Bikira Maria. Ukaweka kidani peke yake, kikakimbia. Ukaweka medali peke yake, kikanyamaza. Kwa hilo nashukuru, maana ningekufa palepale.

Uliniuliza nani amenipa, nikakwambia ni Mama Adèle, rafiki yangu anayekwenda China kuleta bidhaa. Ukauliza alisema ni cha nini. Nikajibu, "Ni ya kukinga mwili tu," nikaomba maji ya kunywa. Jibu hilo lilikuwa fupi mno. Refu ni hili.

Unakumbuka baba yako alivyokuwa Kampala. Walikuwa wanampiga mionzi shingoni kwa ajili ya ile saratani ya koo, na uvimbe ulikuwa unapungua kweli, lakini mdomo ukageuka kidonda kitupu. Hata uji ulimchoma. Siku moja ulimuuliza daktari kwa nini mionzi haichagui, kwa nini inaunguza na nyama nzima isiyo na kosa. Mimi nikakufinya goti chini ya meza unyamaze. Niliona aibu, nikaogopa daktari atakasirika na kutuacha. Daktari hakukasirika. Alifungua mdomo kukujibu, na wewe kwa ajili ya vidole vyangu ukainamisha kichwa. Baba yako akasema turudi nyumbani kabla matibabu hayajaisha, tukarudi, tukamzika kwao Vuhovi. Wewe swali lako ulilibeba peke yako mpaka chuoni. Natamani ningekuacha uulize siku ile. Ukifika huko uliza, hata wakikuona mshamba.

Halafu ikaja siku ya kutetea kazi yako ya chuoni. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa mbele. Kifaransa chote kile kilinipita juu ya kichwa, ila maneno matatu niliyashika kwa sababu uliyarudia mara nyingi: nano, antioxydant, cellules. Jioni ile jikoni nilikuomba uniambie kwa lugha ya nyumbani, ukaniambia huku unasonga bundu, na mwiko mkononi.

"Mama, rayons, ile mionzi, bikiingia mu mwili, binapasula maji mule ndani. Mule kunatoka bipande byenye bimepoteza mwenzabo. Ni kama mutu mwenye kiatu yake moja imebakia mu matope. Ananyang'anya ya mwingine. Ule naye ananyang'anya ya mwingine. Mwisho cellule yote, kachumba kadogo ka mwili, inaharibika."

"Na antioxydant?"

"Ni mwenye anatoa kiatu yake kwa kupenda, fujo inaisha. Lakini vitamine inatoa mara moja, inabakia miguu chini. Sasa kuko nano, bipunje bidogo sana sana, bya cérium. Ile inatoa, na inaokota tena, na inatoa tena. Tunatafuta kama inaweza kulinda nyama muzima wakati mugonjwa anapigwa rayons."

Nilikuuliza kama dawa hiyo ingemsaidia baba yako. Uliacha kusonga.

"Bado, Mama. Banajaribu ku cellules na ku bapanya. Hatujue inaenda wapi mu maini, inakaa siku ngapi. Bado kabisa."

Mimi hilo neno bado sikulichukua. Nilichukua yale matatu, nikatembea nayo sokoni kama mtu aliyepewa cheo. Nani hakuyasikia? Aliyekuja kununua kitenge aliondoka na kitenge na nano juu yake. Kwa hiyo Mama Adèle aliporudi na vile vidani vyeusi, vigumu kama jiwe, vikubwa kama kifuniko cha chupa, akasema, "Ma chère, ni nano. Ni antioxydant. Inalinda cellules juu ya rayons ya batelefone na ya ndege," sikumuuliza hata swali moja. Ningemuuliza nini? Alikuwa anasema maneno ya mtoto wangu. Na yeye mwenyewe alikuwa amekivaa, hakuwa ananidanganya, alikuwa amedanganywa kabla yangu.

Unajua tunavyovaa sisi wamama wa shirika. Sikukuu ikifika ni kitenge kimoja, kilemba kimoja, hata viatu tunapatana. Safari hii mimi nikasema tuongeze kitu kimoja cha kulinda miili yetu, nikagawa vidani baada ya sala, mmoja mmoja, kwa mkono wangu. Mama Kanyere alisita. Aliuliza kitu hiki kinatoka wapi. Nikamjibu, na hapa ndipo pananichoma, "Hii njo masomo ya Kavira." Akainamisha shingo nikamvika.

Hujawahi kukiona kitu hicho. Tulikuwa tunavaa chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, kwa sababu Mama Adèle alisema ndivyo kinavyofanya kazi. Nilitumia jina lako kama muhuri, na wewe huna habari.

Jumapili hiyo, mjomba wako alipokifunga kidani ndani ya mkebe na kukipeleka nyuma ya nyumba, ulitueleza kwamba wanaovitengeneza wanachanganya unga wa mchanga fulani wenye thorium, madini ya mionzi, ndugu ya vile vinavyotafutwa na kipimo kwenye magunia. Ulisema hakiui leo wala kesho, mionzi yake ni midogo, lakini hakuna sababu ya mtu kulala nayo kifuani mwaka mzima, na mwenye mimba hata siku moja haifai. Ukauliza, "Iko bingine?" Nikasema viko vya shirika, na kimoja cha Masika.

Hapo ndipo ulipoitoa kanga ya safari sandukuni, ukasema huendi popote kabla cha Masika hakijatoka. Masika, mke wa kaka yako, yuko Mulekera, kule Beni, na tumbo la miezi sita baada ya kupoteza mimba mbili. Nilikwambia nitakwenda mimi. Nilikufokea, nadhani. Samahani kwa sauti, lakini kwa neno lenyewe hapana.

Jumatatu nilizunguka kwa wamama. Wengine walivua wakarudisha kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Mama Kanyere alikuwa amekifungia ndani ya mto wa mjukuu wake, apate usingizi mzuri. Alikitoa akakiweka mkononi mwangu, akasema taratibu, "Lakini nilikuuliza." Mama Adèle alikaa juu ya marobota yake, mikono imelegea, akaniuliza kama tutakufa. Nikamwambia ulivyosema. Vyote viko ndani ya sufuria ya zamani, nyuma ya banda la kuni, mbali na mbuzi na watoto, mpaka mjomba aje kuvichukua akaviweke kwenye chumba chao cha magunia yenye mionzi.

Leo asubuhi nikapanda gari la Beni.

Masika alinipokea vizuri. Alinipikia sombe, akaniwekea kiti cha mgongo. Nilipomwambia kilichonileta, mkono wake ulikwenda kifuani kabla sijamaliza.

"Mama, mimi hapana toa hii."

Nikamweleza kipimo, magunia, thorium, yote nilivyoweza. Alinisikiliza. Halafu akasema, "Ya kwanza ilitoka, ya pili ilitoka. Ulinivalisha hii, mutoto akakaa. Njo hii inamushikilia. Sasa unataka niitoe juu ya kitu sijaona?"

Nikamwambia kuna hatari haionekani kwa macho.

"Ulisema vile vile ya Ebola?" aliniuliza.

Kavira, nilisukuma sahani pembeni. Mwaka ule wa Ebola Masika alikuwa bado mchumba wa kaka yako, alikuwa kwetu siku watu wa chanjo walipokuja. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikawaambia waondoke, kwamba wanatuletea ugonjwa ndani ya sindano ili watumalize. Nilikuwa na sauti siku hiyo. Kitu kilichokuja na magari meupe na watu waliojifunika nilikikataa, hata wewe ulipolia nikubali. Kitu kilichokuja mkononi mwa rafiki yangu, na neno tamu, nilikivaa kifuani na kuwavika wengine. Masika alikuwa ananirudishia sauti yangu mwenyewe, na alikuwa na haki.

Nilitaka kukupigia simu, umwambie wewe. Namba nilikuwa nimeshaitafuta. Nikaacha, kwa sababu nilijua ungesikia anavyolia na kesho usingepanda gari. Tena nilijua nikikupa simu, ningekuwa natumia jina lako mara ya pili.

Basi nikamwambia kile ambacho sikumwambia Mama Kanyere wala mwingine yeyote. Nilimwambia, "Masika, Kavira hajawahi kuona hii kitu. Mimi njo niliweka jina yake juu. Yeye alisema bado, mimi nikasema ndiyo. Mutoto anakaa juu wewe unamubeba, hapana juu ya hii jiwe."

Kuku waliingia wakatoka. Halafu akafungua kamba shingoni, akakiweka kidani juu ya meza, hakukiweka mkononi mwangu. Chini ya mahali kilipokuwa ngozi yake ilikuwa kama ya siku zote. Nilitazama sana, ilikuwa safi. Hilo lilinishtua kuliko kama ningeona kidonda, maana kidonda cha baba yako kilionekana, tulijua tunapigana na nini.

Nikainuka kuaga. Unamjua Masika, akikusindikiza anafika mpaka barabarani, anakusimamishia pikipiki mwenyewe, anabishana na dereva. Leo hakunisindikiza. Alibaki kwenye kiti, mkono juu ya tumbo. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiuliza kwa nyuma, bila hasira, kama mtu aliyekumbuka tu:

"Na Kavira, yeye ulimupa yake?"

Nikasema, "Hapana, Kavira hajavaa." Nikatoka. Nikapanda pikipiki, nikapanda gari, tukapita vizuizi vya wanajeshi, nikatoa kitambulisho, nikakirudisha, na sikumbuki hata uso mmoja. Nilikuwa naona koti.

Koti lako la kahawia, Kavira. Lile nililokununulia majibu ya masomo yalipotoka. Mama Adèle alisema kule juu ndege inakopita mionzi ni mingi, na hapo hakukosea, hata wewe umewahi kusema ipo zaidi ya huku chini. Nilijua nikikupa kidani utaniuliza maswali yako. Kwa hiyo nilifumua bitana upande wa kushoto, nikakitia ndani, nikashona tena. Nilijiambia nitakufurahisha siku utakapokigundua. Nilisahau kwamba Butembo asubuhi ni baridi, na kwamba wewe koti hilo hulivui tangu Pasaka. Umekwenda nalo misani, chuoni, sokoni. Jumapili ulikuwa umelitundika chumbani kwa sababu ya joto la jiko, la sivyo kipimo kingekimbilia kwako kwanza.

Jumapili ulipouliza kama viko vingine, sikukuficha. Ningependa kusema nilikuficha, ingekuwa na maana zaidi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kitu nilichokiweka juu ya moyo wa mtoto wangu nilikisahau, nikawakumbuka wamama wa shirika wote mmoja mmoja.

Nimejaribu kujituliza kwa maneno yako mwenyewe, kwamba ni midogo, kwamba haiui leo wala kesho. Najua ni kweli. Mwili hausikii. Tangu utoke bila koti hili nimekaa nalo mapajani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wakati hakuna aliyekufa.

Nimekitoa kidani. Kiko kwenye sufuria na wenzake. Bitana nimeishona tena kwa uzi mweusi, wa kahawia umeisha, usifikirie ni kitu. Ndani sikutia kitu kingine, wala medali, wala karatasi ya sala. Nilifikiri kuitia barua hii humo uikute ukiwa umeshafika mbali na mimi, usinione uso. Nilikuwa nimeshaikunja. Halafu nikajiona, sindano mkononi, namficha mtoto kitu ndani ya nguo yake mara nyingine.

Kwa hiyo nakupa mkononi ukiingia tu, na utaisoma mbele yangu, na ukitaka kunifokea kuna muda mpaka asubuhi. Ila usiseme hutaenda. Uende ukatafute kile chembe chako, na wakikuuliza kimefika wapi uwaambie bado, mara zote ambazo ni bado. Kesho nitakusindikiza mpaka gari liwashwe. Masika amenipigia simu sasa hivi. Hakusema mengi. Amesema mtoto anacheza, na nikuage kwa niaba yake.

Nasikia mwavuli wako unagonga lango. Mjomba wako anakuja jioni hii na kipimo na sanduku la chuma. Koti nimelitandaza mezani, upande wa ndani juu. Nimeshakwambia halina kitu, lakini usinisadiki mimi. Lipime.

Mama yako,
Kahindo